Kura za Zabibu

Ubishi ulianzia mstari wa tisa, kwa Mbijima,
simu yake imening'inia kwenye nguzo ya mzabibu
ikitangaza nchi zinazogombania
kuandaa mashindano.
Mkasi wake ukasimama.
Mimi karani nikaandika: kreti kumi na moja,
saa mbili kasoro, Mpunguzi, umande bado.

"Wapewe Senegali," akasema,
"wale hucheza kama wanacheka."
"Na uwanja wa ndege nao unacheka?"
Huyo Nyemo, mstari wa kumi.
Haonekani, kofia tu inatembea juu ya majani.

Ndalu akataka Japani,
maana mashabiki wao, mechi ikiisha,
huokota takataka zao wenyewe.
Tukatazama chini:
maganda ya miwa, vifuko vya barafu, soksi moja ya mtu.
Mtu mmoja akainama, akatia kifuko mfukoni,
hakusema kitu.

Ntandu wa Singida hana maneno ya kawaida.
Hata chumvi huiomba kwa vina.
Akapanda juu ya kreti tupu:

    Wapeni Moroko wape, viwanja wanavyo tele,
    Barabara ni nyeupe, taa zinawaka mbele,
    Sisi maji ni matope, na foleni ya kelele,
    Mgeni nini umpe, anawe, anywe na ale?

Tukamshangilia kwa mikasi, chaki chaki chaki.

Nyemo hakushangilia.
"Kwa hiyo harusi ni ya wenye sebule?
Mama yangu, kule Chihanga,
alipokea wageni arobaini wa mahari
kwenye tembe la vyumba viwili.
Sufuria za kuazima, jogoo wa kuazima,
hata kicheko siku ile alikiazima.
Hakuna aliyeondoka na njaa."

"Na deni alilipa nani?" akauliza Mbijima,
polepole, kama mtu anayepima kina cha korongo kwa fimbo.

Nyemo akakata kichala ambacho hakijaiva.
"Sisi," akasema. "Mpaka leo."

Hapo kukawa kimya.
Tulisikia nyuki, na lori linalobadili gia mlimani.

Msimamizi Hezroni akaja na jasho lake:
"Pigeni kura mmalize,
jua linaniivishia hasara."
Tukapanga vifuniko vya ndoo chini ya kivuli cha tela:
Moroko. Senegali. Japani.
Kila mtu punje moja, asichungulie ya mwenzake.
Nyemo akaongeza kifuniko cha nne,
akaandika kwa kaa la moto wa chai: SISI.

"Sisi hatujaomba," akasema Ndalu.
"Ndiyo maana nimeandika."

Tulipiga kura ishirini na tatu, ya kwangu ikiwemo.
Sitasema niliiweka wapi.
Kisha tukaenda kupima kreti,
mzani ukagoma, tukabishana na mzani,
tuliporudi
vifuniko vinameremeta vitupu,
na Matika, mtoto wa Sechelela, miaka mitatu,
amekaa katikati yake kama mwenyekiti wa tume,
mdomo zambarau mpaka masikioni.

Mbijima alishika kichwa. Akataka marudio,
akataka mwangalizi kutoka nje,
Ntandu ameshaanza kutafuta kina cha "wizi."
Sechelela alimfuta mwanawe kwa pindo la kanga,
akicheka, akimpiga, akimbusu, yote kwa pamoja.

Nyemo ndiye aliyeinama.
Kwenye kifuniko cha nne palikuwa na punje moja,
ya kijani, imeng'atwa nusu,
imetemwa.

"Tumeshinda," akasema.
"Kwa kura moja."
"Chachu," akasema Mbijima.
"Chachu, ndiyo. Imehesabiwa?"

Wote wakanigeukia mimi na daftari langu.
Nikaandika.

Jioni Hezroni akipitia hesabu,
kidole chake kikagota chini ya ukurasa:
"Hii moja pembeni ni ya nani?
Mbona haina kreti?"

Nikamwambia bado haijaiva.