Sentimita Kumi na Mbili

Lori la samaki liliingia Makole saa tano,
mlinzi Ndahani akaja mbio na beseni.
Tulichoshusha ni mabomba, marefu kama mtu,
yamezibwa ncha zote, yamejaa tope.
"Matope? Mpaka Dodoma?
Kwani hapa yameadimika?"
Akarudi na beseni lake.

Mimi sijawahi kuiona bahari.
Chumvi niijuayo ni ya Bahi,
tuliyoikwangua ardhini kwa kipande cha kibuyu.
Lakini bomba nalipasua kwa urefu, kama muwa,
na bahari inalala mezani nusu mbili:
kijivu, kijani kidogo, kijivu tena,
kisha utepe mweusi nisiouelewa.

Ninachekecha. Udongo unakwenda na maji,
wanabaki wao, magamba madogo kuliko punje ya uwele,
vijidudu vilivyonyesha chini taratibu,
miaka elfu kwa sentimita chache.
Nawaokota mmojammoja kwa ncha ya brashi.
Mashine ina swali moja tu:
maji mliyojengea nyumba yalikuwa mazito au mepesi?
Maana barafu ikinenepa huko kusini
hukopa maji mepesi kwanza;
bahari hubaki na mazito, na gamba huandika.
Deni likirudi, huandika pia.

Mita ya nne, kokoto nyekundu, saizi ya harage,
ndani ya tope laini kama uji.
Haikuogelea. Barafu iliing'oa mlimani,
ikaelea nayo, ikayeyuka, ikaiachia.
Niliitia mfukoni dakika moja.
Kisha nikaipa namba.

Mama alisoma hivihivi.
Kiangazi, mto Bubu ukiwa mchanga mtupu,
alichimba hadi akazama kifuani,
akitaja kuta za shimo:
huu mchanga mnene, mafuriko, mwaka wa Lechipya kuzaliwa;
huu mfinyanzi, mto ulilala.
Mkanda mmoja aliuruka kila mara,
kiganja kikapita juu yake haraka.

Bomba la tisa lina pengo.
Sentimita kumi na mbili; tope lilikatika likivutwa.
Bwana Malogo anasema piga mstari,
unganisha juu na chini, nani atajua.
Nimepaacha wazi.
Kwenye fomu, mahali pa maelezo: *halikusema*.

Umeme umekatika. Chumba kizima kinanuka
kitu nisichojua nikifananishe na nini.
Mlangoni Ndahani anapiga chafya,
anauliza kama leo samaki wamekuja.