Moshi Usiokuwepo

Kiwanda cha chumvi na kiwanda cha mafuta
vilipakana Delfzijl miaka arobaini
bila kuombana hata kaa la moto.
Kimoja kilipasua maji chumvi kwa umeme,
kikabaki na klorini yake,
na haidrojeni kikaimwaga angani
kama maji yaliyooshea mchele.
Cha pili, ng'ambo ya mfereji,
kilichoma gesi usiku na mchana
kuitafuta haidrojeni iyo hiyo.

Roelfien Wubbena aliviona vyote viwili
kwenye dirisha la jikoni, kando ya ufa.
Huku ardhi ilitetemeka
walipoinyonya gesi chini ya nyumba za watu.
Ufa unaanzia juu ya saa, unashukia kwenye swichi.
Baba yake aliuziba. Ukarudi. Akauziba.
Huku ufa waliuziba, na ukuta wakajenga vilevile.

Sasa bomba limelazwa, kilomita tatu na ushei,
na zamu ya kwanza ni yake.
Ana kifaa cha kunusa, kinalia kama kifaranga.
Menno wa karakana kampa na ufagio:
"Moto wa hii kitu mchana huuoni.
Tanguliza ufagio. Ukiwaka, simama."
Kacheka. Kautia garini.

Ghorofani, wahasibu wa pande mbili, siku ya nne.
Kahawa imepoa. Swali ni lile lile:
tani za kaboni zisizopanda tena, ni za nani?
"Zetu, sisi ndio tunaotoa."
"Zetu, sisi ndio tulioacha kuchoma."
Mimi ndiye mwandishi wa kikao.
Nimesikia ndugu wakigombea shamba,
wakigombea ng'ombe, wakigombea hata maiti;
moshi usiokuwepo, sijapata.

Saa kumi na dakika kumi Roelfien alifungua vali.
Hakuna kilichosikika.
Mshale ulisogea upana wa ukucha,
ukatulia hapo.

Jioni alihesabu mabomba ya moshi ng'ambo ya mfereji:
moja limenyamaza,
mawili bado yanafuka.
Ufagio uko nyuma ya mlango, mzima,
na vumbi la plasta chini ya swichi
bado halijafagiliwa.

Nami nimeandika:
kikao kimeahirishwa hadi Jumatatu.