Bado Lipo?

Nilikutana na Jouni kwenye sheli ya Iisalmi
saa kumi jioni, giza limekwisha kutanda tangu saa nane,
baridi digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Alifungua buti ya gari. Kando ya gitaa
kulikuwa na kitanda cha mtoto, kingali ndani ya boksi lake,
basi sikuuliza kwa nini anauza.

"Lilianguka," alisema. "Ngazi za ghorofa ya tatu.
Shingo imepasuka chini ya kichwa. Sikuandika."
Tangazo lake lilikuwa na maneno manne:
Gitaa. Linalia. Yuro sitini.
Nikampa hamsini, naye akashukuru,
tukapeana mikono ndani ya glavu
kama mito ya kulalia inayosalimiana.

Gitaa lililotoka kwenye barafu halifunguliwi papo hapo:
vanishi hupasuka kama chungu cha moto kilichomwagiwa maji.
Lilale kwanza ndani ya kasha, mlangoni, usiku kucha,
lizoee nyumba kama mgeni anayevua viatu.
Nililala nikilisikiliza. Halikusema kitu.

Siku tano. Gundi ya moto, majiliwa mawili,
msasa laini kama karatasi ya Biblia,
kisha rangi ya chai ya mkandaa, tone kwa tone,
mpaka ufa ukawa uzi, uzi ukawa unywele,
unywele ukawa jambo ninalolijua mimi peke yangu.

Nikalipiga picha dirishani, upande wenye mwanga.
Nikaandika: "Limetunzwa. Halina tatizo lolote."
Sikudanganya, nilijiambia; tatizo nimeliondoa.
Yuro mia mbili na kumi.
Simu ikaanza kutetema mezani kama nzi ndani ya glasi:
Bado lipo?
Bado lipo? Nina mia moja na baiskeli.
Bado lipo? Niwekee hadi mshahara.
Bado lipo? Huyu hakurudi tena;
wapo wanaouliza kama wapitao wakigusa nguo sokoni.

Alilichukua Tuulikki wa Kokkola, mwalimu wa chekechea.
Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hawakusema neno juu ya kibaya kilichopakwa kikawa kizuri,
hicho hujiuza na kujitembeza pia.

Maana lilitembea. Nililiona likitembea,
nikilijua kwa mkwaruzo wa ubavuni wenye umbo la mundu.
Mwezi wa nne, Vaasa: "Halijawahi kuanguka." Mia mbili themanini.
Mwezi wa kumi, Turku: "Limepigwa na mtu mmoja tu." Mia tatu hamsini.
Mwaka uliofuata, Helsinki, limelazwa juu ya zulia jeupe:
"La mkusanyaji. Kama jipya. Sina haraka ya kuuza." Mia tano.
Sentensi yangu moja ilikuwa imezaa,
na wajukuu wake wamevaa suti.

Nilitaka kumwandikia yule wa Helsinki. Nikaandika, nikafuta.
Ningemwambia nini? Mwenye kovu usidhani amepoa?
Angeniuliza: na wewe ni nani?

Halafu kimya. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, ikaanguka.

Jana usiku, nikitafuta vigingi vya mandolini,
ule mundu ukanitazama kutoka Sodankylä.
Picha mbaya, meza ya jikoni,
kipande cha mkate kimesahaulika pembeni,
na taa imeelekezwa shingoni, makusudi, pale pale.
Aliyeandika anaitwa Oula Näkkälä:

"Shingo iliwahi kuvunjika. Aliyeniuzia hakuniambia,
labda naye hakuambiwa. Nimelipiga mwaka mzima
na shingo haijalegea hata kwa unywele.
Aliyeiunga alijua kazi yake.
Yuro tisini, kwa sababu ya ufa."

Nimesoma mara sita. Chai imepoa.
Hadi kwake ni karibu kilomita mia tano, njia barafu tupu,
na sijui nikifika nitasema nini,
wala kama nitalipa tisini au nitalipa deni.
Vidole vyangu, vinavyojua gundi kuliko maneno,
vimeandika yale mawili ya kila mtu,
vikabonyeza:

Bado lipo?