Herufi za Kugonga

Alikuja Jumanne, mvua ikingali juu ya mabati,
akauliza kama nina herufi.
Dada, hapa Katwe tunauza majiko na mageti,
herufi ziko shuleni.
Akacheka kidogo. "Zile za chuma, za kugonga."

Ninazo. Ishirini na sita ndani ya kopo la siagi,
R imepinda mguu tangu nilipomwazima jirani.
Ndizo huandikia majina ya marehemu
kwenye misalaba ya bei nafuu.

Nabukeera. Analima vanila kule Nakifuma,
na wanunuzi wa mbali humlipa kwa bitkoini,
hela isiyo na noti wala mlio.
Ina mlango, akasema, na ufunguo wake
ni maneno ishirini na manne, yakifuatana.
Atakayeyapata ndiye mwenye mali.
Hakuna meneja wa kumlilia.

Kaka yake Kaggwa aliziacha zake kwa kampuni,
vijana wenye tai, tovuti inayong'aa.
Jumatatu moja ukurasa ukafunguka mweupe
kama sahani iliyorambwa.
Yeye alitumia simu; simu ikaondoka na pikipiki pale Wandegeya.
Akaandika karatasini, akaficha kwenye Biblia:
mchwa wakasoma kabla yake,
wakaanzia neno la tisa.
Sasa ana kijiti, kidogo kuliko kiberiti,
kisichoujua mtandao, kinalala drooni bila ndoto.
"Lakini nacho kitakufa. Chuma je?"

Chuma hushika kutu, nikasema.
Nikaona nimemvunja moyo, nikaongeza:
kipo kisichoshika, kile cha sinki za hoteli.
Nikakata bamba jembamba, nikashika nyundo.
Haya, nisomee.

Akanitazama.
Miaka thelathini na mmoja nafunga mageti ya watu,
funguo za akiba nikichonga mwenyewe,
na hakuna aliyewahi kunitazama hivyo.
"Fundi, nikodishe nyundo. Wewe kanywe chai."

Nikasimama kwa muuza rolexi,
nimefukuzwa karakanani kwangu, nahesabu mapigo.
Ngo. Ngo. Kimya. Tusi la Kiganda: kidole hicho.
Ngo.
Vijana wakauliza, nani yumo ndani?
Benki, nikajibu.

Kwao, alinieleza, vanila ikiwa mbichi
huichoma kwa sindano herufi za jina lako;
ikikauka, kovu linabaki, mwizi hana pa kuuzia.
Mkono wake ulishaijua kazi.
Ila vanila husema mimi ni wa fulani.
Bamba lile halina jina.
Litamwambia yeyote: mimi ni wako.

Akatoka jioni, kidole kimevimba,
bamba limeviringishwa kwenye leso.
Akanilipa taslimu, noti zenye jasho.

Usiku, nikifagia, nikaona alichokuwa amegongea:
kipande changu cha risasi ya betri kuukuu,
laini, cha kumeza kelele.
Kilikuwa kimemeza na mengine.
Mgongo wa bamba ulikuwa umeacha vishimo, hafifu, vya kusomeka,
Kiingereza chepesi cha darasa la tatu.
Chumvi, nikasoma. Ngazi.
La tatu lilianza kwa R yenye mguu uliopinda
na hapo nikageuza uso.

Walionilea Bombo walisema
mali bila daftari huisha bila habari.
Hawakusema tufanyeje
daftari likiwa ndiyo mali yenyewe.

Nikapuliza makaa. Risasi haidai moto mwingi;
ilitetemeka, ikang'aa, ikasahau.
Nikaimimina ikawa jiwe la mizani, nusu kilo kamili,
na Nampijja wa nyanya analitumia hadi leo.

Sijui kama ulikuwa wema au woga.
Kuchuma ni kazi, kuweka ni kazi nyingine.
Chumvi, ngazi:
hayo mawili bado ninayo,
na sina pa kuyaficha.