Kitambaa cha Meza

Tangu Haluwa alazwe kule Kakuyuni,
kando ya mkorosho ambao baba yake alikataa kuukata,
sikukanyaga tena kanisani.
Sikukosana na Mungu. Niliacha tu kuitika.

Mwalimu wa dini alibisha mara mbili.
Mara ya tatu aliacha mihogo mlangoni, akaenda zake.
Nilimshukuru kwa hiyo kuliko kwa mahubiri.

Miezi saba.
Masika yakaja, Sabaki ikashuka na udongo wa bara,
bahari yote ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa,
wageni wakanuna mahotelini,
nami nikasema: sawasawa, hata wewe.

Jumamosi moja akaja Mbodze, binti wa jirani,
kakumbatia kitambaa cha meza ya Bwana kama mtoto mwenye homa.
"Baba Kenga, tumekiunguza. Hakuna anayeijua ile pasi."
Alama ya kahawia, ukubwa wa kiganja.

Pasi ilikuwa uvunguni, na majivu ndani,
ya moto wa mwisho aliouwasha yeye.
Sikuyamwaga. Niliyatia kwenye kopo, nikafunika.
Kisha nikachoma vifuu.

Kisima chetu cha Muyeye kina chumvi, sabuni haitoi povu.
Haluwa alinunua mtungi wa maji ya bomba kwa kazi hii tu,
nami nikinung'unika: shilingi ishirini, kwa kitambaa!
Siku ile nilinunua mitungi miwili.

Nikasugua kwa ndimu, nikaanika,
nikajaribu joto la pasi kwa mate, alivyokuwa akifanya,
nikanyoosha.
Penye pindo, kona ya kushoto, kidole kikakuta
mishono mitatu ya uzi mwekundu, midogo kama miguu ya sisimizi:
alama yake, kisichanganyike na vya watu.
Nikakaa sakafuni.
Mbodze alitoka nje, akanipisha nilie.

Ndipo likanijia lile kaburi jingine,
alfajiri, sanda zimelala,
na leso ya kichwani imekunjwa, imewekwa mbali peke yake.
Kila Pasaka nimeisikia, sijawahi kuuliza:
nani hukunja kitambaa kaburini?
Mwizi hana muda huo.
Aliyekata tamaa hana mkono huo.
Hukunja yule ajuaye kwamba asubuhi ni yake,
wala hana haraka.

Alama haikutoka yote. Ilipauka, ikabaki kivuli cha jani.
Jumapili nilikibeba mwenyewe kwa mikono miwili,
nikakitandika.
Wimbo wa kwanza sikuweza.
Wa pili nilifungua mdomo, ikatoka hewa.
Mchungaji akaweka mkate
pale pale palipoungua.

Tukitoka, mtu akasema bahari imeanza kutakata.
Hakuna aliyeifua.

Kopo la majivu bado liko dirishani.