Mstari wa Sitini

Asubuhi bowza la kiwanda lilipita likimwaga molasi
ili vumbi lisiinuke.
Kakira nzima ikanuka sukari iliyoungua,
na kabla ya madereva, kabla hata ya wauza tiketi,
nyuki wakafika.

Gari namba kumi na nne ni Korona ya baba.
Imebeba miwa, imebeba maharusi,
imebeba jeneza la shangazi hadi Kamuli.
Waiswa aliing'oa viti vyote ila kimoja,
akaichomelea mbavu za bomba,
akailehemu milango, isifunguke tena maisha.
Tenywa, pacha wake, huingia kwa dirishani
kama mwizi anayerudi kwake.
Ubavuni, tangazo la betri. Nyuma, la bati.
Milioni sita kwa wa kwanza.
Kwa wa nne, fulana.

Mimi ni Kizza, niliyewafuata tumboni.
Nilipewa penseli.
Kila gari lina mhesabu wake, na wa kumi na nne hakuja;
mtu akasema, huyu hupima miwa pale mizanini,
mkono wake hauongezi kilo wala haupunguzi.
Hakuna aliyeuliza mimi ni nani kwa nani.

Jana mama, akichambua nakati, alitaka kujua:
"Na mkishamaliza kuzunguka, mnakuwa mmefika wapi?"
"Pale pale, mama," Tenywa akajibu,
"lakini mbele ya wengine."

Bendera ikashuka.
Magari ishirini na mawili yakakata kushoto,
na kushoto,
na kushoto,
miwa ikainama upande mmoja kama watu wanaosikiliza umbea.
Nikachora: vijiti vinne, wa tano ukivifunga kiunoni,
mzigo wa kuni,
mzigo mwingine wa kuni.
Wa tisa, yule wa Eldoret akabusu ukuta wa matairi.
Wa ishirini na tatu, Tenywa akaingia kubadili gurudumu,
Waiswa magotini, jeki ikilia, nati moja, mbili, tatu, nne,
ya tano ikamponyoka ikazama kwenye molasi.
"Nenda na nne!"
Akaenda na nne.
Haraka haraka haina baraka, wanasema wasemaji;
hao hawajawahi kukopa pesa ya tairi.

Ilikuwa baada ya arobaini.
Nyuki alitua juu ya kope yangu
na nikafumba.
Nilisikia injini ikipita, kohozi lile la Korona
ninalolijua tangu nikibebwa mgongoni.
Au ilikuwa namba arobaini na moja,
ambayo nayo hukohoa.
Nilipofumbua, palikuwa na moshi tu,
na penseli iko hewani.
Sikuichora.

Akapita chini ya bendera ya miraba mbele ya wote,
kwa urefu wa boneti, si zaidi.
Uwanja ukasimama. Waiswa alikuwa anacheza bila viatu.
Kisha wakakusanya madaftari.

"Hamsini na tisa," akasema msimamizi. "Una uhakika?"
Mzigo wa mwisho ulikuwa na vijiti vinne
bila kamba.
Mkwaruzo mmoja tu, mfupi kuliko ukucha,
na deni la tairi limekwisha, na bati la mama limepatikana.
Nikasema: "Niliandika nilichokiona."
Sikio langu halikuulizwa,
nami sikulisemea.

Fulana ilikuwa kubwa. Tenywa aliivaa hapo hapo,
akatazama daftari muda mrefu,
akanirudishia bila neno.
Niliapa moyoni kwamba nimetenda haki;
moyo ukaniuliza, ya nani?

Jioni, watu wameondoka, nilimkuta Waiswa
akipapasa njia kwa viganja, akitafuta nati.
Nikapiga magoti upande wa pili.
Tuliipata pale nyuki walipokusanyika,
nyekundu, yenye kunata.
Akailamba kwanza,
kisha akaitia mfukoni.
"Tamu," akasema,
na hakusema kingine hadi nyumbani.