Mfereji wa Ukucha Mmoja

Huku kwetu Saskachewani shimo halizungukwi na majani.
Maji ni ya ng'ombe na ya ngano.
Sisi wapiga gofu tumepewa duara la mchanga
uliokandwa kwa mafuta, mweusi kama tako la sufuria,
na katikati kopo, limezikwa hadi mdomoni.

Mashimo tisa. Ua wa seng'enge.
Sanduku la bati la kutilia dola tano,
na mlinda lango ni dhamiri yako.

Misimu minne niliukosa mpira wa hatua tatu.
Si ule wa mbali; wa mbali hauna aibu.
Ni huu wa karibu, ambao mtoto angeusukuma kwa mwiko,
huu ndio ulionipita kushoto,
kushoto tena,
kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Nililaumu upepo. Nililaumu mteremko.
Watu walinigawia ushauri bure, kama paka wadogo:
kunja magoti, Verna. Nunua fimbo nyingine, Verna.
Nilinunua. Nayo ikajifunza kushoto.

Orest Hrynkiw, aliyetengeneza mashine za kuvunia
hadi macho yalipomstaafisha,
hakusema neno mpaka Jumanne moja ya Agosti
nilipoishika reki nisawazishe mchanga.
"Usifute," akasema. "Kwanza tusome."

Akapiga goti. Jicho moja lina mtoto wa jicho,
la pili huona mwanga na basi.
Akatia kidole katika alama ya mpira wangu,
mfereji wenye kina cha ukucha,
akaufuata taratibu, kama mtu apapasaye mshono.

"Haujapinda," akasema. "Umenyooka sana.
Umenyooka kwenda kwingine."

Nilisimama na reki yangu.
Misimu minne nadhani mpira hupotea njiani,
kumbe ulikuwa unaondoka nyumbani umeshapotea.

"Unainua kichwa kabla hujamaliza kupiga.
Bega linafuata kichwa, fimbo inafuata bega."
Nikajitetea: macho hayana pazia.
"Basi shona," akasema.

Nilishona majira yote ya baridi.
Nje baridi ya kupasua misumari, ndani zulia la jikoni,
kikombe kimelazwa ubavu karibu na jiko,
Lyle akimenya viazi na kuruka mipira yangu.
Chini ya kila mpira niliweka sarafu
yenye kichwa cha yule paa wa kaskazini.
Viganja vimelala kama vimefungwa plasta,
mabega tu yanayumba, kwenda, kurudi,
na mpira ukishaondoka, mimi bado hapohapo
nahesabu matawi ya pembe za paa.
Sitazami. Kikombe kitasema.
Mara nyingi kilichosema ni mguu wa meza.

Mei, theluji ilipobaki mitaroni tu,
nilimkalisha Orest juu ya sanduku la barafu
pembeni mwa shimo la sita.
Nikaburuta reki, njia moja laini hadi kopo.
Hatua tatu. Sarafu chini.
Mabega.

Pembe moja. Mbili. Tatu.
Kopo kimya.
Nne. Tano. Shingo inawasha kama shati jipya.
Kopo kimya bado, na mbali trekta ya mtu inakohoa.

"Usiangalie," Orest akasema, tayari yuko magotini,
kidole mchangani, anatambaa kutoka kwangu kwenda mbele,
anatambaa, anatambaa,
mpaka kidole kikagonga mpira,
na baada ya mpira, upana wa kidole hichohicho,
ukingo wa kopo.

Akacheka hadi akakaa chini, suruali nyeusi kwa mafuta.
"Umenyooka! Umenyooka, ila una njaa!
Nguvu tutatafuta Jumanne."

Kanuni ni moja hapa: ukipita, futa, mwenzio asome yake.
Niliushika mpini wa reki, nikaulegeza.
Nyuma yetu kina Halvorsen walikuwa wanakuja,
wanasukuma vigari vyao, wanabishana kuhusu mbolea.

Nikafuta.
Nikamwinua Orest, tukaenda la saba.